Maumivu ya msuli wa taya: sindano za Kichina zinasaidia kweli au ni stori za mtaani?

DadaWaSimu

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana nimechoka. Nina maumivu ya taya upande wa kulia, yanaanzia kwenye kona ya taya chini ya sikio, yanapanda mpaka kwenye panja, na siku nyingine sikio lenyewe linauma kama limeingia maji. Asubuhi ndio balaa, nikiamka mdomo unafunguka nusu, kupiga mwayo ni adhabu, nikitafuna kitu kigumu kidogo kama mishkaki au mahindi ya kuchoma basi siku hiyo imeharibika. Na kazi yangu ni mdomo, niko huduma kwa wateja, hedifoni kichwani tangu asubuhi mpaka jioni, mteja anakutukana na wewe unajibu "asante kwa kutupigia" huku umekaza meno.

Nimeshazunguka. Daktari wa masikio alisema sikio halina tatizo. Kliniki moja ya meno wakapiga eksirei wakasema gego la mwisho limelala vibaya ndio chanzo, wakaling'oa, kidonda kimepona na maumivu yako palepale, hayajapungua hata robo. Mahali pengine ndio wakaniambia hii ni misuli, nasaga meno usingizini (mume wangu anasema ni kweli, anasikia krr krr usiku), wakataka wanitengenezee kile kiplastiki cha kuvaa wakati wa kulala, bei niliyotajiwa nikasema ngoja kwanza nijipange. Kwa sasa naishi kwa diclopar.

Sasa kuna dada kazini anasema shangazi yake alikuwa hivihivi, akaenda kwa Wachina akachomwa zile sindano nyembamba usoni na mkononi, akapona. Mimi hata sindano ya malaria naiogopa, leo nichomwe shavuni? Naomba kujua, zinafanya kazi kweli au ni imani tu, wanachoma sehemu gani, inauma kiasi gani, na je hawawezi kugusa mshipa wa fahamu mdomo ukaenda upande? Maana huo mdomo ndio unanilisha.

MkaaBaraza

Pole dada. Ila huyo mume anayekaa macho kusikiliza krr krr usiku kucha naye apelekwe hospitali 😂 Nakaa hapa pembeni nasubiri wataalamu, na mimi taya langu linagonga "ka" kila nikifungua mdomo ila haliumi.

daktari_kinywa

Mkaa Baraza, likigonga bila kuuma na mdomo unafunguka vizuri huwa hatulitibu, endelea na maisha yako.

Dada pole sana. Mimi ni daktari wa kinywa na meno, siwezi kukupima kwa maandishi ila nakwambia ninachoangalia mgonjwa wa namna yako akikaa kwenye kiti. Weka vidole shavuni, juu kidogo ya kona ya taya, halafu uma meno. Utasikia kitu kinatuna na kuwa kigumu chini ya vidole, huo ni msuli wa kutafuna unaitwa maseta. Sasa legeza meno, ubonyeze polepole kuanzia chini ya mfupa wa shavu mpaka kwenye kona ya taya. Usitafute kuumia tu, ukibonyeza sana popote utaumia. Tafuta kama yanatoka YALEYALE maumivu unayoyajua, yale ya kila siku, na kama yanakimbilia sikioni au kwenye magego. Rudia hivyo kwenye panja, huko kuna msuli mwingine umejitandaza kama kipepeo cha jiko. Mwisho fungua mdomo uone kama vidole vyako vitatu vikibanwa pamoja vinaingia kwa kusimama kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, visipoingia ujue taya limekaza kweli.

Hii tabia ya maumivu kukimbia ndiyo inayong'oa watu meno yasiyo na kosa. Maseta ukikasirika mgonjwa anaapa ni gego la chini, wa kwenye panja ukikasirika anaapa ni meno ya juu, eksirei inaonyesha gego la mwisho limelala (na mengi yamelala miaka yote yako kimya hayana ugomvi na mtu) basi linahukumiwa. Sisemi kwako ndio ilikuwa hivyo, sikuwepo, ila nakutana nayo sana, na ndio maana kabla ya sindano, kabla ya kiplastiki, kabla ya kung'oa chochote, kwanza tujue ni msuli, ni kiungo chenyewe, au ni jino.

Kuhusu akupancha, yaani hizo sindano za Kichina, sina ugomvi nayo. Madaktari wa meno wa Sweden waliilinganisha na kiplastiki cha usiku tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaona wagonjwa wa aina hii wanapata nafuu kwa zote mbili. Wanapochoma kwa taya ni panapojulikana, kuna Jiache ambayo ipo juu ya ule msuli uliotuna ulipouma meno, kuna Xiaguan mbele ya sikio chini ya mfupa wa shavu, kuna ya kwenye panja, na karibu wote wanaongeza Hegu, hii ipo mkononi kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Ile ya mbele ya sikio inachomwa mdomo ukiwa umefungwa kwa sababu ukifungua tu kichwa cha taya kinasogea mbele na kuziba shimo. Anayekuchoma hapo huku anakuambia fungua mdomo, wewe shuka kitandani.

Mdomo kwenda upande usiogope sana. Zile stori nyingi za mdomo kulegea baada ya sindano ya meno ni za dawa ya ganzi ikimwagika mahali sipo, na inarudi yenyewe ganzi ikiisha. Hizi za Kichina hazina tundu, hazina dawa, na ni nyembamba, za usoni ni milimita 0.25 au chini ya hapo, wakati ya kawaida ya hospitali namba 21 inakaribia milimita 0.8. Kinachotokea zaidi ni alama ya bluu shavuni. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu kama warfarin sema mapema.

Na kuna maumivu ya taya ambayo hutakiwi kuyapeleka kwa Mchina wala kwangu, nenda emajensi moja kwa moja: yanayokuja ukipanda ngazi au ukitembea haraka pamoja na kifua kubana au jasho jembamba, huo unaweza kuwa moyo. Mtu wa zaidi ya miaka 50 mwenye maumivu mapya ya kichwa kwenye panja, taya linachoka akitafuna na macho yanaanza kufifia, huyo asisubiri kesho. Shavu au chini ya kidevu kuvimba na homa na kumeza kwa shida, usaha huo. Na taya kukaza siku chache baada ya kukanyaga msumari au kujikata, hiyo ni pepopunda mpaka ithibitike vinginevyo.

Mtoto wa Mkunazini

Assalaam aleykum bibie, pole. Mie niko Unguja, na huku sindano za Kichina si kitu kigeni, madaktari wa kutoka jimbo la Jiangsu wanakuja kwa zamu tangu 1964, mwaka uleule wa Mapinduzi, wako Mnazi Mmoja na kule Pemba wako Abdalla Mzee Mkoani. Nyie wa bara wenu wanatoka Shandong, walianza 1968. Kwa hivyo huku ukisema unakwenda kutiwa sindano za Kichina hakuna wa kukushangaa, watakuuliza mgongo au goti.

Mie ilikuwa taya, la kushoto, kazi yangu kutembeza wageni mji mkongwe kutwa naongea tena kwa sauti. Nikueleze ilivyokuwa maana nami nilikuwa muoga vilevile. Unalazwa chali, anakubonyezabonyeza shavu mpaka uruke, hapo ndipo anapopataka. Anapangusa kwa spiriti, anaweka kijibomba chembamba cha plastiki, anagonga juu yake kwa kidole, tik, unasubiri maumivu kumbe sindano ishaingia. Daktari wangu alikuwa bibi wa makamo, Kiswahili chake chote "funga mdomo" na "pole pole". Kisha anaizungusha kidogo kwa vidole viwili na hapo ndio unakuja ule uzito, si maumivu ya kuchomwa, ni kama shavu limelala ganzi na kuna kitu kinalivuta kwa ndani, wenyewe ndio wanachokitaka hicho, asipokuona umekunja uso anazungusha tena. Ile ya mkononi ndiyo ilonishinda zaidi kuliko za usoni, ilipiga mpaka kwenye kiwiko. Baadae akabana vikoleo viwili vya umeme mdogo kwenye sindano za shavuni, shavu likawa linacheza lenyewe tk tk tk, nami nimelala namulikwa na taa ya joto nacheka siwezi kucheka. Kama nusu saa hivi, akazitoa, basi.

Jioni ile mdomo ulifunguka vizuri wallahi, nikala pweza. Kesho yake shavu likawa limechoka kama mtu alobeba mizigo, na ikatoka alama ya bluu, kila mtu ananiuliza nani kakupiga. Kisha maumivu yakarudi, si yote, nikarudi tena, na tena, mpaka ikaja kutulia. Sasa uniulize ni sindano au ni kwa kuwa msimu wa wageni ulikwisha nikapumzisha mdomo, hapo nitakuwa muongo nikikujibu.

SinaImani

Huyo wa Unguja kajibu swali bila kujua. Msimu umeisha, mdomo umepumzika, taya limepona, sifa kachukua Mchina.

Sisemi sindano ni uongo. Nasema tuwe wakweli. Wamefanya majaribio ambayo kundi moja linachomwa kweli na kundi lingine linawekewa sindano ya kiini macho ambayo haipenyezi ngozi, au wanachomwa pembeni ya pale panapotakiwa, mgonjwa hajui yuko kundi gani. Makundi yote mawili yanapata nafuu! Majaribio mengine sindano za kweli zinashinda kidogo, mengine zinatoka sare, na mengi ni ya watu wachache. Mwaka 2023 jarida la BMJ la Uingereza lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya taya, yaani yale yaliyovuka miezi mitatu, na akupancha wameiweka kwenye fungu la "ukitaka jaribu", sio fungu la "fanya". Vilivyopewa kura ya nguvu ni mazoezi ya taya chini ya mtaalamu, kukandwa vile vifundo vya msuli kwa mkono, kunyooshwa kiungo, tiba ya kuzungumza na mwanasaikolojia ya kujifunza kulegeza mwili, na maelekezo ya kawaida ya kujitunza nyumbani. Kiplastiki chenyewe alichotajiwa dada kimewekwa upande wa "bora usitumie", pamoja na botoksi. Kwa hiyo kama hela ni ya kuokoteza, mpangilio wa kuzitumia ndio huo.

daktari_kinywa

Mkuu SinaImani nakubaliana na wewe karibu yote, ila kwenye kiplastiki ongeza kitu. Mwongozo ule unazungumzia MAUMIVU. Mtu anayesaga usiku mpaka meno yanaisha tunampa kiplastiki kulinda meno, sio kutibu maumivu, hizo ni hesabu mbili tofauti. Dada angalia meno yako kwenye kioo, kama ncha zimelika zikawa bapa au kuna mipasuko basi hicho kitu bado unakihitaji, ila usitegemee kitaondoa maumivu. Na kisiwe kile cha kubadilisha mng'ato wako moja kwa moja, hicho kataa, wala usikubali mtu akusagie meno yenye afya ati "yakae sawa" ili taya lipone.

UmmuSalha

Kwa nini usijaribu hijama habibty? Wanatoa damu chafu hapo hapo shavuni na kisogoni, mimi kichwa changu kilipona kabisa alhamdulillah.

fizio_mtaani

Ummu Salha hijama ya mgongoni sina neno nayo, ila shavuni na ubavuni mwa shingo hapana, pana mishipa mikubwa na ngozi ya uso inabaki na makovu. Na kupiga chuku ni kitu kingine kabisa na akupancha, msimchanganye dada.

Mimi ni fizio. Sisi nasi tunachoma, tunatumia sindano zilezile ila bila ramani ya Kichina, tunatafuta kifundo kwenye msuli, kile kiuvimbe kigumu ambacho ukikibonyeza maumivu yanaruka kwenda kwingine, tunakichoma mpaka msuli unashtuka wenyewe kama samaki, halafu unalegea. Habari za hivi vifundo zilipata nguvu kwa daktari mmoja mama wa Kimarekani, Janet Travell, ndiye aliyekuwa anamtibu rais Kennedy mgongo mpaka akawa daktari wake Ikulu. Ukiweka ramani yake na ramani ya Wachina pembeni pembeni, kwa taya utaona wanagombania msuli uleule, kwa hiyo usipoteze usingizi kuchagua Mchina au fizio, chagua mtu anayejua kuna nini chini ya ngozi. Kuna msuli mmoja wa taya upo ndani kabisa nyuma ya mfupa wa shavu, huo hata sisi hatuuchomi ovyo.

Kitu kimoja ambacho watu hawaulizi. Mtu wa taya karibu siku zote shingo na mabega nayo yamekaza, kwa hiyo utakayemwendea atataka kukuchoma na begani, juu pale katikati ya shingo na ncha ya bega. Hapo chini yake kuna pafu. Sindano ikizama wima ikapita pafu linaweza kuvuja hewa, ni nadra lakini ipo na imerekodiwa. Mtaalamu anaikusanya nyama kwa vidole anaiinua ndio anachoma kwa kulaza. Ukitoka ukaanza kusikia kifua kinachoma na pumzi fupi, hospitali saa hiyohiyo.

Sindano itoke kwenye pakiti mbele ya macho yako na ikitoka mwilini iende kwenye boksi la sindano, ukiona zimepangwa kwenye sahani zinakusubiri ondoka, homa ya ini B haina utani. Kwa hapa Tanzania wanaotoa tiba mbadala wanatakiwa wawe wamesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria ya 2002, cheti kinabandikwa ukutani, usione aibu kukisoma. Ukiona koti jeupe na picha ya Ukuta wa China tu, hicho sio cheti.

Halafu hata uchomwe na bingwa wa Beijing, kama mchana unaendelea kubana meno utakuwa unanunua nafuu ya siku mbili mbili. Meno hayatakiwi kugusana muda wote, yanagusana ukitafuna na ukimeza basi. Midomo imefunga, meno yameachana, ulimi umekaa juu nyuma ya meno ya mbele kama unataka kusema "nnn". Bandika kikaratasi kwenye skrini ya kompyuta yako, kila simu ikikatika angalia taya lako liko wapi. Nakuhakikishia utalikuta limebana, hasa ikiwa ni yule mteja wa matusi. Jioni taulo la maji ya moto shavuni robo saa, halafu ulimi juu kwenye dari la mdomo, fungua mdomo taratibu mpaka ulimi unataka kuachia, funga, mara sita, taya lishuke wima lisiende pembeni, fanya mbele ya kioo. Kwa sasa acha bigijii, miwa, karanga za kukaanga na kung'ata embe bichi. Na ukipiga mwayo weka ngumi chini ya kidevu.

Kijana wa Majengo

Niaje watu wa bongo, hapa Mombasa. Hiyo ya bigijii imenichekesha kwa sababu huku kijana anakaa kwa maskani kuanzia alasiri na muguka (yale majani jamii ya miraa) shavu moja, bigijii ndani yake, anatafuna upande ule ule mpaka usiku wa manane, alafu kesho anashika shavu ati jino. Nilikuwa hivyo mimi. Shavu la kushoto lilitokeza nikawa na sura ya mtu amemeza ndimu. Daktari aliponiambia ni msuli umekuwa mkubwa kama wa mtu wa gym sikuamini. Hakuna sindano nilidungwa, niliambiwa tu wachana na hiyo kitu, na nikaambiwa pia hiyo dawa ya msongo wa mawazo nilikuwa nameza, fluoxetine, inaweza kufanya mtu akaze meno, wakanibadilishia polepole. Usiache tembe kivyako lakini, hiyo waliniambia mara mbili. Dada hutafuni kitu wewe?

DadaWaSimu

Jamani asanteni sana, nimesoma yote nikarudia. Sitafuni muguka kaka 😂 ila bigijii ndio, kazini wengi wetu tunatafuna kuondoa usingizi mchana. Nimebonyeza kama daktari alivyosema, pale shavuni nimeona nyota, na yamepanda mpaka sikioni kabisa, yaleyale. Vidole vitatu haviingii, viwili vinaingia vizuri cha tatu kinagoma. Na hicho cha kubana meno mchana nimejichunguza leo nikiwa kazini, sikujua, kila nikisikia mlio wa simu inaingia tu meno yanakutana.

Fizio uko mkoa gani? Na kuna kitu sikusema mwanzo kwa sababu sikuona kama kinahusika, nina ujauzito wa miezi sita sasa. Hizo sindano si zitakuwa salama zaidi kuliko vidonge au?

SinaImani

Duh. Tumefika mwisho wa uzi ndio unasema 🤦🏾

MfamasiaKona

Dada hongera, na hiyo diclopar iache leo. Ndani yake kuna diclofenac, na hizo jamii yake zote, ibuprofen nazo, kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito hazitakiwi mpaka daktari wako aseme, zinaweza kuathiri figo za mtoto na maji ya uzazi yakapungua, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari ya hiyo wiki ya 20 mwaka 2020, na ukielekea mwisho wa mimba zinaweza kuziba mapema mshipa wa karibu na moyo wa mtoto. Ukienda kliniki waambie kabisa ulikuwa unatumia nini na kwa muda gani, usifiche kwa kuogopa kufokewa, wanaweza kutaka kuangalia maji kwa altrasaundi. Kwa maumivu wengi wanapewa panadol ya kawaida tu, kwa kipimo, siku chache.

Na swali, mwanzoni mwa mimba ulipewa Plasil ya kuzuia kutapika? Hiyo inaweza kukaza misuli ya taya na shingo ghafla, mtu anapinda kabisa anapelekwa kwa mganga watu wanadhani amepagawa. Yako haifanani na hiyo kwa sababu imekaa muda mrefu, ila kama bado unaimeza sema.

DadaWaSimu

Nilipewa ila niliacha siku nyingi, na taya lilianza kabla ya mimba. Diclopar nimeitoa kwenye pochi sasa hivi. Kwa hiyo sindano ndio basi?

fizio_mtaani

Niko Dar, nakutumia ujumbe. Sindano sio basi, ila lazima wajue kabla hawajakugusa. Ile Hegu ya mkononi Wachina wenyewe kwa mapokeo yao hawaichomi kwa mjamzito kwa sababu wanaitumia kuchochea uchungu, na kuna nyingine karibu na kifundo cha mguu upande wa ndani nayo hivyohivyo. Wengine siku hizi wanasema hatari yake imekuzwa, mimi sioni sababu ya kubishana nao tumboni mwako wakati za shavuni zipo. Umeme kwenye sindano nao tunauacha. Mimi mgonjwa kama wewe ningeanza na kukanda kwa mkono, kuna kukanda maseta kwa ndani ya mdomo, kidole gumba nje, cha shahada ndani na glavu, kinauma dakika moja halafu unapumua. Mazoezi na taulo anza leo hayana mimba wala hayana bei.

daktari_kinywa

Na kama utaenda kuchomwa, usilazwe chali nusu saa nzima na mimba ya miezi sita, tumbo linabana mshipa mkubwa wa damu unaweza kuzimia wakadhani ni sindano. Lala ubavu wa kushoto au uketi na mto kisogoni, na kwa kuwa maumivu yako ni ya kulia basi ubavu wa kushoto ndio unawaachia shavu wanalolitaka. Kula kwanza kabla ya kwenda, wanaozimia kwenye sindano wengi ni wenye njaa. Ukifika kliniki ya wajawazito ulizia na chanjo yako ya pepopunda kama imekamilika, halafu rudi utuambie kama kidole cha tatu kimeingia.